Toleo la Kumi na Moja

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ilikuwa na harufu yake:
wino, lami ya Ngara iliyonyeshewa,
na gunia la Nyaboke likifunguliwa kwenye baraza la duka la vifungo.
Kurasa thelathini na mbili, pini mbili mgongoni,
na Kituo cha Zuhali kikielea juu ya jalada
kana kwamba hakikuletwa hapo kwa mkokoteni.

Shilingi themanini. Nusu yangu, nusu ya Kisilu.
Tulisoma tumesimama. Yeye ndiye aliyegeuza kurasa,
maana vidole vyangu vilitoka Luthuli
vikiwa bado na risasi ya kulehemu simu za watu.
Hadi pembeni, chini kabisa, lile neno dogo
linalouma kama mbu wa alfajiri: itaendelea.

Mwezi mzima tuliishi ndani ya neno hilo.
Kapteni Mkamburi ameshika kitasa cha mlango wa sita.
Nyuma yake kuna nini?
Kisilu alisema hakuna kitu, hata hewa.
Mimi nilisema mama yake.
Tulibishana kwenye foleni ya maji Huruma,
tukabishana matangani kwa shangazi, kwa kunong'ona,
mjomba akatutoa nje kama kuku.

La kumi liliisha mlango ukiwa nusu wazi.
La kumi na moja halikuja.
Nyaboke alisema kontena, akasema ushuru,
akasema mchapishaji amehama,
mwishowe akasema, "Si msome tu la kumi na mbili?"
Na humo kapteni alikuwa na mkono mmoja
na hakuna aliyeuliza.

Basi tulilichora wenyewe.
Daftari la hesabu, miraba midogo midogo, Biki ya bluu,
siku tatu stima imepotea, mshumaa juu ya kifuniko cha sufuria.
Kisilu alichora mlango. Mimi nilichora mkono ukibaki.
Mama wa kapteni alitoka na sura ya Nyaboke;
ndiyo sura pekee tuliyoijua vizuri.

Sasa limetoka buku.
Jalada gumu, matoleo yote ishirini na manne,
zito kama jiwe la Ndarugo.
Hakuna tangazo la sabuni. Hakuna barua
za wasomaji wa Kitale na Voi wakimtukana mchoraji.
Itaendelea imefutwa kila ilipokuwa,
pamebaki peupe, kama ukutani
palipong'olewa picha ya mtu.

"Haba na haba," Nyaboke ananiambia, "si ndicho hiki kibaba?"
Kweli ndicho.
Lakini zile haba nilizila na mtu.

Elfu mbili na mia nne. Sina.
Tukapatana: mia moja kila Jumamosi,
na kila mia inifungulie sura moja,
niisome papo hapo kwenye kigoda,
kisha alifunge buku kwa uzi mwekundu
na kulirudisha chini ya meza, mbali na mikono yangu.

Kisilu yuko Doha, analinda magari yaliyolala.
Hunitumia sauti usiku, upepo umejaa ndani yake
kama chombo kinachotafuta pa kutua.
"Umefika wapi?"
La kumi, nikamwambia.
Akanyamaza. Nikasikia geti likifunguka, likifungwa.
"Basi usiniambie."

Leo ni mia ya kumi na moja.
Noti moja, laini kwa jasho la mfukoni.
Nyaboke ameshafungua uzi, amepangusa vumbi,
ananisukumia buku kama sahani ya mgeni.
Begini mwangu lile daftari la hesabu
linaninyooshea kona yake iliyokunjika.

Nampa mia. Buku nalifunga mwenyewe,
uzi nauzungusha mara mbili.
Ananitazama. Anaitazama noti kwenye mwanga,
kisha anachukua kadi yangu na kuandika:
Sura ya 11, imelipwa.

Haandiki imesomwa.